Mlezi alikimbia, mtoto akaanguka

Somo la mwezi. Tusome: 2 Samweli 4:4, 16:1-4, 19:24-30, Marko 2:1-12.



Habari ya Mefiboshethi tunaifundisha mara nyingi kwa ajili ya meza ya mfalme Daudi. Safari hii tunaomba mwangalie mwanzo wake. Mtoto huyu wa Yonathani hakuzaliwa kilema. Alikuwa na miaka 5 wakati habari ya kufa kwa Sauli na Yonathani ilipofika. Mlezi wake akamwinua, akakimbia naye, na katika haraka ile mtoto akaanguka, miguu ikalemaa. Tusimhukumu yule mama. Hakumwacha mtoto. Lakini haraka ilimshinda.

Miaka mingi baadaye Daudi anamkimbia Absalomu, na watu wanatoka Yerusalema. Siba mtumishi anatoka na punda wawili wenye matandiko. Bwana wake asiyeweza kutembea anabaki mjini. Mfalme aliporudi, Mefiboshethi alisema kwamba alitaka kupanda punda na kutoka, ila mtumishi alimdanganya. Hatuamui hapa nani alisema kweli. Mfalme mwenyewe aliwagawia mashamba. Tunaona jambo moja tu: punda walitoka, kilema akabaki.

Wandugu, jambo hili sisi pia tumelitenda. Katika mkesha mmoja taa ya petroli ilianguka, pazia la jukwaa likashika moto. Wote tukakimbilia mlango. Kijana mmoja mwenye moyo mwema akaokoa kigari cha mama yetu asiyetembea, akakiweka nje chini ya mwembe. Tulipojiona nje, tukaanza wimbo wa shukrani. Tulikuwa katika wimbo wakati mama yule alipotokea mlangoni akitambaa kwa viwiko, katikati ya lundo la viatu vyetu. Hakutukemea. Alisema tu: «Kumbe mlikumbuka kigari.»

Wengine watasema ni mambo ya majengo marefu ya Ulaya. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya yenga asubuhi, tetemeko la nchi lilipiga Bukavu. Ng'ambo ya Ruzizi, upande wa Rwanda, kanisa liliwaangukia watu waliokuwa katika ibada. Na wandugu wa Goma wanakumbuka Nyiragongo, tarehe 17 Januari 2002 na tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021, namna watu walivyokimbia kwa miguu.

Basi kila mtu asiyeweza kutoka peke yake awe na wasaidizi wawili wanaojulikana kwa majina, wanaokaa karibu naye. Tunasema wawili, maana mmoja atakuwa safarini, ama yuko kwenye fanfare na tarumbeta yake. Tukisema kanisa lote litamsaidia, kila mtu atamwangalia mwenzake. Katika Marko 2 wabebaji wamehesabiwa: walikuwa wanne.

Muulizeni yeye mwenyewe namna ya kumbeba. Anaujua mwili wake kuliko shemasi. Kuna asiyeweza kushikwa makwapani. Kuna mwenye mgongo unaouma. Wabebaji wawili wanaweza kuunganisha mikono yao iwe kiti, naye akawashika mabegani. Ama akalishwe kwenye kiti cha mbao kilicho imara, mmoja ashike nyuma, mwingine miguu ya mbele. Kigari kikiweza kupita, atoke nacho. Kisipoweza, kifuate nyuma yake, kisimtangulie kama punda wa Siba.

Kipofu msimvute kwa fimbo yake. Mpe kiwiko akishike, tangulia nusu hatua, mwambie: hapa ngazi, hapa mlango. Kiziwi hasikii tarumbeta wala yowe: mguse begani, mwonyeshe mlango kwa mkono. Mwenye akili dhaifu anaweza kujificha chini ya benchi kwa sababu ya makelele. Aongozwe na mtu aliyemzoea, kwa sauti ya upole.

Nchi inapotetemeka, msimbebe mtu wakati ule ule, mtaanguka naye. Ainame, afunike kichwa. Aliye kwenye kigari afunge magurudumu. Ikitulia, mtoke.

Sasa neno juu ya viatu. Tunavivua kwa heshima ya mahali patakatifu, na hatutaacha. Lakini kuvilundika mlangoni hakukuamriwa na mtu. Vipangwe kando ya ukuta wa nje, maana magongo yananasa ndani yake. Na ule mlango wa pili, ambao parokia nyingi zinaufunga kwa kufuli kwa kuogopa wezi, ufunguliwe kabla ya wimbo wa kwanza.

Yenga ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya ibada, tutafanya jaribio. Tutatoka wote, na tutahesabiana nje kabla ya kuimba lolote.

Maswali ya kujibu katika vikundi:

Katika parokia yetu, ni nani hawezi kutoka peke yake? Wazee na mama wenye mimba mmewahesabu?

Nani wamekubali kuwa wasaidizi wao, na mmewauliza wenyewe kama wanawakubali?

Ufunguo wa mlango wa pili unakaa kwa nani?