Magaga ya Miguu ya Mzazi, na Haki Yake juu ya Mwana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu Muislamu, wengi wetu tukiulizwa khabari za wazee wetu hujibu, "Alhamdulillahi, hawajambo," na hali nyayo zao hatujazitazama tangu mwaka juzi. Chukua mfano wa mzee asiyekosa jamaa ya alfajiri, kisha akaanza kukosa. Mwanawe akimwuliza, humjibu, "Uzee tu, mwanangu." Hata siku moja mwana akaona matone ya damu juu ya mkeka wa kusalia. Alipomwinua baba yake mguu, akakuta kisigino kimepasuka nyufa za kuingia ukucha. Naye mwana huyo humpa babake posho kila Ijumaa, akidhani kuwa haki amekwisha itimiza!

Katika Suratul Israa, Mwenyezi Mungu ameamrisha wema kwa wazazi pamoja na amri ya kuabudiwa Yeye peke yake, akataja khasa wakati wa uzee wao, akakataza hata neno dogo la kuonyesha kuchoka nao. Basi mzazi afichaye maumivu ili asikuudhi, yakupasa wewe umtangulie kwa kumwuliza na kumtazama. Wala kutafuta dawa hakupingani na tawakkul, kwani Mtume s.a.w. ametuamrisha kujitibu.

SABABU ZAKE. Ngozi ya unyayo haina tezi za mafuta. Mtu akizeeka hukauka na kuwa nene, kisha uzito wa mwili huipasua. Kwenda peku, na viatu vilivyo wazi nyuma, huzidisha. Mara nyingine asili yake ni ukungu wa ngozi, au pumu ya ngozi, au maradhi ya sukari.

DAWA YAKE. Miguu irowekwe katika maji ya vuguvugu kadiri ya dakika 10, isuguliwe polepole kwa jiwe la kusugulia miguu, ikaushwe vyema hata baina ya vidole, kisha ipakwe mafuta mazito ya mgando au malhamu yenye yuria, na ivishwe soksi za pamba usiku. Haya yafanywe kila siku, maana magaga ya miaka hayaondoki kwa usiku mmoja. Usikate ngozi kwa wembe, wala usitie majivu katika ufa.

Ama mwenye maradhi ya sukari, miguu yake isirowekwe wala isisuguliwe kwa jiwe, kwani huenda ikawa imekufa ganzi, akaumia asijue. Huyo mtazame nyayo kila siku, maji ya kumwosha uyapime kwa kiwiko chako, na ufa ukitokea umpeleke kwa daktari. Na mzazi yeyote akionekana na uvimbe, usaha, harufu mbaya au weusi, apelekwe hospitali siku ile ile.

MAS-ALA YA UDHU. Mtume s.a.w. amewaonya kwa moto wanaoacha visigino vyao pasipo kufikiwa na maji. Kwa hivyo, katika madhehebu yetu ya Shafii, ni wajibu maji yafike katika sehemu ya ufa inayoonekana. Nta au malhamu yenye kiwiliwili yaondolewe kwanza, ikiwa kuyaondoa hakudhuru. Basi mwandalie mzazi maji ya vuguvugu na sabuni kabla ya alfajiri. Mafuta mepesi yasiyo na kiwiliwili, na rangi ya hina, havidhuru. Maji yakimdhuru, ataosha palipo pazima, na atatayamamu kwa ajili ya palipobaki; na pakiwa pamefungwa bendeji, atapangusa juu yake kwa maji pamoja na kutayamamu. Damu itokayo katika ufa haitengui udhu.

Ndugu yangu, usimwachie mkeo wala mtumishi kazi hii. Leo baada ya Isha, twaa beseni, ukae chini mbele ya mzazi wako, umwoshe kwa mikono yako. Atakataa kwa haya, mbembeleze. Miguu hiyo ilikwenda mbali kwa ajili yako.

Mwenyezi Mungu awaponye wazee wetu, awarehemu waliotangulia, na atusamehe tuliyoghafilika. Amin.