Haki ya Mwandishi wa Filamu: Maswali na Majibu

SWALI: Nilimtungia mtayarishaji mmoja wa hapa Goma hadithi ya filamu, akanilipa mara moja tukaagana, sasa filamu inatazamwa kwenye intaneti. Je, naweza kudai zaidi?

JIBU: Hukumu imo katika hati uliyoitia sahihi. Amri ya sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 humlinda mtungaji wa nchi yetu, wala hakuna mkataba uwezao kukunyang'anya haki ya kutajwa jina. Lakini ikiwa uliridhia kutoa haki zote, kwa muda wote, duniani kote, basi umeuza shamba pamoja na mavuno yake.

SWALI: Mbona hata waandishi wa Marekani wanalalamikia intaneti?

JIBU: Kwa sababu mbili. Zamani televisheni iliporudia tamthilia, mwandishi alipata fungu lake kila mara, ilhali jukwaa la intaneti huiweka daima pasipo kumwarifu ni wangapi walioitazama. Fauka ya hayo, msimu uliokuwa na vipindi 22 aghalabu umepungua kuwa 8 au 10, na aliyekuwa na kazi karibu mwaka mzima sasa huajiriwa majuma machache.

SWALI: Nasikia waandishi hao wa Marekani waligoma; je, mgomo wao ulifaa?

JIBU: Naam. Walianza tarehe 2 Mei 2023, wakastahimili siku 148, hata makampuni yakakubali kukiarifu chama chao, kwa siri, saa za utazamaji, na kutoa nyongeza kwa kazi iliyotazamwa na asilimia 20 au zaidi ya wateja wa Marekani katika siku 90 za mwanzo.

SWALI: Nasi tusio na chama chenye nguvu hiyo?

JIBU: Anzeni na mkataba, mkitenganisha ujira wa kuandika na fungu la mapato. Utaje miaka, nchi na njia za kuonyeshea filamu; utaje malipo ya awali kabla hamjaanza kuandika; na maadamu mabenki ya Goma yalifungwa Januari 2025, utaje pia pesa zitapita wapi. Jiandikisheni SOCODA, shirika la haki za watunzi lililoundwa mwaka 2011, mkadai kwa pamoja. Na mashirika ya misaada yanayoagiza filamu za mafunzo yapewe masharti hayohayo, kwani wema wa makusudi yao hauondoi haki ya mtenda kazi.