Sahihi kwa Simu: Makubaliano Yanayoshika Kisheria na Yasiyoshika

SOMO KWA WAKAZI: Rekodi na sahihi za kielektroniki

Shabaha ya somo: Mwishoni mwa somo hili, mkazi ataweza kueleza ni wakati gani ujumbe wa simu unakuwa mkataba, kutaja shughuli ambazo simu peke yake haitoshi, na kutunza rekodi zake kwa njia inayokubalika mahakamani.

Kiganjo, viungani mwa mji wa Thika, mapatano mengi siku hizi hufungwa kwa simu. Kodi ya nyumba hujadiliwa kwa WhatsApp, trei za mayai huagizwa kwa ujumbe mfupi, arbuni ya ploti hutumwa kwa M-Pesa, na mdhamini wa mkopo hubonyeza neno "Kubali" bila kushika kalamu. Mambo yakienda sawa, hakuna anayeuliza sheria inasema nini. Swali huja siku mmoja anapokana: je, ule ujumbe ulikuwa mkataba au yalikuwa mazungumzo tu?

Sheria inayotumika

Sheria kuu ni Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998, Sura ya 411A. Mwanzoni haikugusia mikataba ya kielektroniki. Marekebisho yaliyoanza kutumika Januari 2009 yaliongeza Sehemu ya VIA, inayohusu shughuli zinazofanywa kwa njia ya kielektroniki. Msingi wake unafanana na sheria ya mfano iliyotolewa mwaka 1996 na Tume ya Umoja wa Mataifa ya Sheria ya Biashara ya Kimataifa: hati isikataliwe kwa sababu tu haiko kwenye karatasi. Majirani nao walifuata njia hiyo, Uganda mwaka 2011 na Tanzania mwaka 2015.

Vifungu vitatu vya Sehemu hiyo vinamhusu mwananchi wa kawaida.

Kifungu cha 83G kinasema kwamba pale sheria inapotaka jambo liwe kwa maandishi, maandishi ya kielektroniki yanatosha, mradi yanaweza kufikiwa na kutumika tena baadaye. Sharti hilo la mwisho ni zito. Ujumbe uliowekwa ujifute baada ya siku chache hautakuwepo siku utakapohitajika.

Kifungu cha 83J kinakubali mkataba uundwe kwa jumbe za kielektroniki. Upande mmoja unatoa pendekezo, upande wa pili unakubali, na mkataba hauvunjiki kwa sababu tu yote hayo yalifanyika kwa simu au baruapepe.

Kifungu cha 83P kinatambua sahihi ya kielektroniki pale sheria inapotaka hati itiwe sahihi. Lakini hapa sheria inataja sahihi ya aina maalum, na ndipo wengi hukosea.

Sahihi za aina mbili

Sahihi ya kielektroniki ya kawaida ni alama yoyote ya kidijitali iliyoambatanishwa na ujumbe au hati, inayoweza kumtambulisha mhusika na kuonyesha kwamba ameridhia. Jina lililochapwa chini ya baruapepe linaweza kuwa sahihi ya namna hiyo. Vivyo hivyo picha ya sahihi ya kalamu iliyobandikwa kwenye hati.

Sahihi ya kielektroniki iliyoimarishwa ni daraja la juu zaidi. Ili ifikie daraja hilo, lazima itimize mambo manne: iwe ya mhusika huyo mmoja pekee, iweze kumtambulisha, iwe imetengenezwa kwa njia ambayo yeye mwenyewe anaidhibiti, na iwe imefungamanishwa na hati kiasi kwamba badiliko lolote la baadaye litaonekana. Kwa kawaida sahihi hii huambatana na cheti cha kidijitali, na kampuni zinazotoa vyeti hivyo huhitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Tofauti ya aina hizi mbili inaonekana vizuri pakitokea ubishi. Picha ya sahihi inaweza kunakiliwa na mtu yeyote aliyewahi kupokea hati yenye sahihi hiyo. Sahihi iliyoimarishwa haibandikwi hivyo, na tarakimu moja ya bei ikibadilishwa, hati yenyewe itaonyesha kwamba imeguswa.

Hata hivyo, asidhani mtu kwamba alama ndogo haina uzito. Mwaka 2023 mahakama moja ya jimbo la Saskatchewan, Canada, iliamua kesi ya mkulima aliyetumiwa picha ya mkataba wa kuuza kitani kwa simu. Alijibu kwa alama ya kidole gumba kilichoinuliwa. Hakupeleka mazao, na alipofikishwa mahakamani alisema alama ile ilimaanisha tu kwamba ameupokea mkataba. Mahakama iliangalia jinsi wawili hao walivyokuwa wakifanya biashara kabla ya hapo, ikaona alama ile ilikuwa sahihi, na ikaamuru alipe fidia ya zaidi ya dola 82,000 za Canada. Uamuzi huo haufungi mahakama za Kenya, lakini funzo lake linaeleweka popote: kinachotafutwa ni nia ya mtu, na nia huweza kusomwa hata katika jibu fupi.

Bidhaa za kawaida

Wengi hudhani ununuzi mdogo hauhitaji maandishi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema vingine. Mauzo ya bidhaa za thamani ya shilingi 200 au zaidi hayawezi kudaiwa mahakamani ila mojawapo ya mambo haya liwepo: mnunuzi awe amepokea sehemu ya bidhaa, au ametoa arbuni au malipo ya sehemu, au kuwe na maandishi yaliyotiwa sahihi na anayedaiwa.

Tuseme mfugaji wa Kiganjo anaagiza magunia 20 ya chakula cha kuku kwa ujumbe mfupi. Muuzaji anajibu kwa kutaja bei na siku ya kuleta. Mfugaji anatuma nusu ya pesa kwa simu. Hapo malipo ya sehemu yamefanyika, na jumbe zinaonyesha bei, kiasi na tarehe. Muuzaji asipoleta mzigo, mfugaji ana msingi wa kudai. Lakini kama walipatana kwa kupigiana simu tu, na pesa zikatumwa bila maelezo, ujumbe wa M-Pesa utathibitisha kwamba pesa zilitoka hapa zikaenda pale. Hautasema zilikuwa za nini.

Kumdhamini mwingine

Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inataka ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine iwe kwa maandishi na itiwe sahihi na mdhamini. Kwa hiyo anayedai kwamba fulani alisema kwa mdomo chamani kuwa atamlipia mwenzake atapata shida mahakamani. Kwa upande wa pili, mwanachama anayeandika kwenye kundi la chama "mimi namdhamini, asipolipa nitalipa" na kuweka jina lake ameacha maandishi ambayo anaweza kuulizwa siku moja.

Ardhi: hapa simu peke yake haitoshi

Sheria hiyo hiyo ya Mikataba, kifungu cha 3(3), inaweka masharti matatu kwa mkataba wa kuuza ardhi: uwe kwa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe na shahidi aliyekuwapo wakati inatiwa. Ujumbe wa "sawa, tumekubaliana, tuma deposit" unaweza kuhesabiwa kuwa maandishi. Lakini shahidi yuko wapi?

Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Biashara ya Machi 2020 ilifungua mlango wa kutumia sahihi ya kielektroniki iliyoimarishwa katika hati za ardhi. Mwezi Aprili 2021 mfumo wa Ardhisasa ulizinduliwa, ukianza na Nairobi. Mabadiliko haya yanahusu sahihi iliyoimarishwa na taratibu rasmi. Hayakuifanya gumzo ya WhatsApp kuwa mkataba wa shamba.

Jambo jingine ni jina la mahali. Kuna Kiganjo ya hapa Thika, kuna wadi ya Kiganjo katika Gatundu Kusini, na kuna Kiganjo ya Nyeri penye chuo cha polisi. Ujumbe unaosema "ile ploti ya Kiganjo" hautambulishi kipande chochote cha ardhi. Mkataba unapaswa kutaja nambari ya usajili, ukubwa wa kipande, na jina la mwenye hati kama lilivyo kwenye rejista. Kabla ya kutuma hata shilingi moja, mnunuzi hufanya upekuzi rasmi katika sajili ya ardhi inayohusika. Ikiwa shamba ni la kilimo, idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi nayo inahitajika.

Je, aliyetuma arbuni bila mkataba amepoteza kila kitu? La. Anaweza kushindwa kulazimisha ardhi ihamishwe kwake, lakini pesa zake bado anaweza kuzidai, na hapo jumbe na taarifa ya M-Pesa ndizo ushahidi wake mkuu. Madai ya pesa yasiyozidi shilingi 1,000,000 yanaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Mahakama hiyo hutakiwa kuamua kesi ndani ya siku 60, haifungwi na kanuni zote ngumu za ushahidi, na mdai anaweza kujisimamia bila wakili.

Wosia na hundi

Sehemu ya VIA haitumiki kwa wosia wala kwa hati za fedha zinazohamishika kama hundi. Mzee anayerekodi video akigawa mashamba yake hajaandika wosia. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inataka wosia wa maandishi utiwe sahihi mbele ya mashahidi wawili au zaidi. Wosia wa mdomo nao unahitaji mashahidi wawili, na hushika tu ikiwa mwenyewe amefariki ndani ya miezi mitatu baada ya kuutamka. Familia nyingi hujua hili wakati limeshakuwa jambo la ugomvi.

Rekodi inapofika mahakamani

Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kifungu cha 106B, inaruhusu rekodi za kielektroniki zitolewe kama ushahidi. Pamoja na nakala iliyochapishwa huhitajika cheti kilichotiwa sahihi na mtu anayehusika na kifaa kilichotoa rekodi hiyo. Cheti hueleza ni rekodi ipi, ilitolewaje, na kwa kifaa gani. Picha ya skrini iliyochapishwa saiba na kukabidhiwa hakimu bila maelezo hayo inaweza kupingwa na ikakataliwa.

Na anayebuni rekodi ajue hatari yake. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inahesabu kughushi data kuwa kosa la jinai, lenye faini ya hadi shilingi milioni 10 au kifungo cha hadi miaka 5, au vyote viwili.

Mambo ya kufanya

1. Mapatano yaandikwe kwa ukamilifu katika ujumbe mmoja: majina kamili, kitu chenyewe, kiasi, bei, tarehe, na jinsi pesa zitakavyolipwa. Upande wa pili ujibu kwa maneno, "Nimesoma na nimekubali," ukiandika jina lake.

2. Pesa zikitumwa, ujumbe ufuate papo hapo ukieleza ni za nini.

3. Mazungumzo yote yahifadhiwe, yasikatwe. Nambari ya simu, tarehe na saa vionekane. Kipengele cha kufuta jumbe zenyewe kizimwe, na nakala itumwe kwenye baruapepe.

4. Simu yenye jumbe hizo isiuzwe wala kufutwa kabla ya jambo kumalizika.

5. Nambari ya siri na nywila ya baruapepe zisipewe mwingine, hata jamaa. Sahihi ambayo watu wawili wanaidhibiti si ya mmoja pekee.

6. Hati za ardhi, wosia na mikopo mikubwa zipelekwe kwa wakili. Asiye na uwezo anaweza kuulizia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya sheria ya 2016.

Maswali ya kujadili chamani au barazani

1. Mpangaji anamwandikia mwenye nyumba: "Nitahama mwisho wa mwezi." Anajibiwa kwa alama ya kidole gumba. Je, mwenye nyumba amekubali, au amethibitisha tu kwamba ameona? Ni jibu gani lingeondoa shaka?

2. Muuzaji wa ploti anataka arbuni leo "kabla mtu mwingine hajaichukua", na anaahidi mkataba wiki ijayo. Mnunuzi anakosa nini kati ya masharti matatu ya kifungu cha 3(3)?

3. Katibu wa chama huhifadhi rekodi zote za mikopo kwenye simu yake pekee. Simu ikiibwa, chama kitathibitisha vipi nani anadaiwa?