Petroli ya Injini za Mipigo Miwili: Uchanganyaji, Uhifadhi na Afya ya Mtumiaji

Injini nyingi ndogo za mipigo miwili, kama zile za misumeno ya mnyororo, mashine za kukatia nyasi na boti za wavuvi, hazina hifadhi ya oili kama injini ya gari. Oili ya kulainisha pistoni huchanganywa na petroli kabla ya kutiwa tangini. Kwa hiyo mafuta yake hutayarishwa nyumbani au ufukweni na mtu asiye na vifaa vingi, na hapo jambo la ufundi hugeuka kuwa jambo la afya.

Kipimo hufuata maelekezo ya mtengenezaji. Injini yenye uwiano wa 50 kwa 1 huhitaji mililita 100 za oili katika lita 5 za petroli. Ya 25 kwa 1 huhitaji mililita 200. Oili ikipungua, pistoni hukwama. Ikizidi, plagi huchafuka na moshi huongezeka, na wa kwanza kuuvuta ni mwendeshaji mwenyewe.

Kosa lenye madhara makubwa zaidi hutangulia kipimo chochote, nalo ni kuvuta petroli kwa mdomo kupitia mpira ili ihame kutoka pipa hadi dumu. Petroli ni nyepesi mno na hutambaa upesi. Kiasi kidogo tu kikipotea njia na kuingia mapafuni, hutawanyika, huharibu utando unaovizuia vifuko vya hewa visinywee, na kuleta nimonia ya kemikali. Mtu hupaliwa na kukohoa, kisha pengine hutulia na kudhani yamekwisha; saa chache baadaye pumzi humwia nzito na homa hupanda. Aliyemeza petroli asitapishwe kamwe, kwa kuwa kutapika huipitisha kooni mara ya pili. Maziwa, ambayo majirani huyakimbilia, hayaondoi sumu hiyo na huweza kuchochea matapishi. Apelekwe kituo cha afya hata kama kikohozi kimekoma, na aangaliwe kwa muda usiopungua saa 6. Pampu ndogo ya mkono ingeyaepusha yote haya.

Mchanganyiko uliobaki nao una hatari yake. Oili nyingi za aina hii hutiwa rangi nyekundu, buluu au kijani ili petroli iliyochanganywa itambulike. Rangi hiyohiyo, ndani ya chupa ya soda, humfanya mtoto aione kuwa sharubati. Chombo kinachofaa ni dumu lililotengenezwa kwa ajili ya petroli, lenye kifuniko kinachobana na maandishi ya wazi yanayotaja kilichomo, uwiano na tarehe. Lisijazwe pomoni, kwani petroli hutanuka kwa joto.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko lililo mbali na dumu. Kwa sababu hiyo dumu halilazwi chumbani wala jikoni, na injini yenye moto haiongezwi mafuta.

Mchanganyiko ukikaa zaidi ya mwezi mmoja hupoteza ubora, hivyo ni heri kuchanganya kidogo kidogo. Wala uliochakaa usigeuzwe maji ya kunawia mikono yenye grisi, kama ilivyo desturi katika gereji nyingi: petroli huondoa mafuta asilia ya ngozi na kuiacha ikipasuka, na ndani yake mna benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Sabuni na maji hutosha.