Hati Safi, Udongo Mchafu: Nani Hulipia Usafishaji wa Kiwanja cha Mjini?

Dalali anapomwambia mnunuzi kwamba kiwanja ni safi, huwa anazungumzia karatasi. Anamaanisha kwamba hatimiliki haina deni la benki, haina zuio la mahakama, wala hakuna ndugu anayedai urithi. Mambo hayo ni ya lazima, na upekuzi rasmi katika masjala ya ardhi huonyesha yale kati yake yaliyosajiliwa. Masjala, hata hivyo, haiweki kumbukumbu za udongo. Kiwanja kilichowahi kuwa gereji, kituo cha mafuta, kiwanda cha ngozi au mahali pa kuyeyushia vyuma chakavu huweza kuwa na hati isiyo na doa huku ardhi yenyewe ikiwa imeshiba mafuta machafu, kromiamu au risasi.

Swali ambalo wanunuzi wengi huliuliza baada ya kulipa ni hili: sumu ikigunduliwa, je, serikali itasafisha? Kwa Kenya, jibu la kisheria lina matumaini kuliko jibu la maisha. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuwa na mazingira safi na yenye afya. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inashikilia kanuni kwamba aliyechafua ndiye alipaye, na inaipa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA, uwezo wa kutoa amri ya kurejesha mazingira katika hali yake. Sheria hiyo pia imeunda Hazina ya Kitaifa ya Urejeshaji wa Mazingira, itumike pale ambapo mchafuzi hajulikani, au pale ambapo hali isiyo ya kawaida inailazimu Mamlaka kuingilia. Fedha za umma, basi, zimo katika sheria. Namna zinavyomfikia mwananchi ni habari nyingine, na hakuna mahali panapoieleza vizuri kuliko Mombasa.

Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari kilianza kazi mwaka 2007, kikipakana na nyumba za watu. Risasi ilisambaa kwa moshi, kwa vumbi na kwa maji machafu. Madini haya hayaozi wala hayanyauki; hukaa katika tabaka la juu la udongo, mahali hasa watoto wanapochezea. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na madhara yake kwa ubongo wa mtoto hayarudi nyuma. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Wakazi, wakiongozwa na Bi. Phyllis Omido, walikwenda mahakamani, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, mzigo ukigawanywa kati ya kampuni na taasisi za serikali zilizoshindwa kusimamia. Iliamuru pia mazingira yasafishwe, la sivyo zilipwe shilingi milioni 700 kwa kazi hiyo. Juni 2023 Mahakama ya Rufani iliiondoa fidia; Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipofungwa alikuwa na miaka kumi siku ya hukumu hiyo ya mwisho.

Usafishaji una gharama kubwa kwa sababu udongo hauoshwi kama sakafu. Hupimwa, huchimbwa hadi kina fulani, husafirishwa hadi jaa lenye kibali, kisha udongo mwingine huletwa. Au hufunikwa kwa zege na matumizi ya kiwanja yakawekewa mipaka.

Zipo nchi zilizotenga fedha mahususi kwa kazi hii. Marekani ilitunga sheria mwaka 2002 inayotoa ruzuku kwa serikali za miji na mashirika yasiyo ya faida ili kupima na kusafisha viwanja vya viwanda vilivyoachwa, vipate kujengwa upya. Hata huko, ruzuku hizo haziendi kwa mwenye nyumba mmoja mmoja, na anayenunua bila kwanza kuchunguza historia ya kiwanja huweza kupoteza kinga ya kisheria dhidi ya gharama za usafishaji. Sheria ya nchi tajiri, kwa hiyo, nayo inamtaka mnunuzi aulize mapema.

Tunashauri uulize kwa watu kabla ya kuuliza kwa maofisa. Wazee wa mtaa hukumbuka kiwanja kilikuwa nini mwaka gani, na jina la kituo cha matatu mara nyingi hutaja kiwanda ambacho hakipo tena. Kisha uliza NEMA kama kuna taarifa ya tathmini ya athari kwa mazingira au ya ukaguzi wa kila mwaka kuhusu kiwanja hicho. Mwambie wakili aandike katika mkataba matumizi ya zamani ambayo muuzaji anayakiri, na sehemu ya bei ibaki mikononi mwake hadi udongo upimwe katika maabara. Muuzaji anayekasirishwa na ombi hilo amekwisha kukujibu.

Aliyekwisha kuhamia, awe mwenye nyumba au mpangaji, asipande mboga katika udongo anaoushuku. Adeki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia vumbi, awanawishe watoto mikono kabla ya kula, na aombe hospitalini watoto wapimwe risasi katika damu.

Ombi la habari kwa ofisi ya umma liandikwe. Raia wa Kenya analindwa na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: ofisi ina siku 21 za kujibu, au saa 48 iwapo habari inahusu uhai wa mtu. Taja namba ya kiwanja, taja sheria hiyo, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, kwa kuwa siku huhesabiwa kuanzia hapo.