Nilimficha mke wangu bei ya pikipiki, sasa nataka kuikatia bima

*Shangazi, mimi ni mwanamume wa miaka 33, naishi Kangema, Kaunti ya Murang'a, pamoja na mke wangu na watoto wawili. Nina duka la dawa za mifugo na mbegu, na shamba dogo la majani chai. Mwaka jana nilinunua KTM 250 ya motokrosi, kuukuu lakini nzima, kutoka kwa jamaa wa Nairobi aliyeacha mashindano. Haina taa wala nambari ya usajili. Barabarani haiendi, siku za mbio naibeba kwa pikapu hadi uwanja wa Jamhuri, Nairobi. Nilitoa Sh480,000, bonasi ya chai na mkopo wa chama. Mke wangu nilimwambia ni Sh120,000.*

*Majuzi majirani wawili waliibiwa bodaboda zao usiku. Tangu hapo mke wangu halali. Mbwa akibweka ananiamsha. Amesema niikatie bima au niiuze. Wakala mmoja wa bima tunayefahamiana anashauri tuiingize kwenye bima ya nyumba na tuandike "vifaa vya michezo, Sh120,000", kwa kuwa pikipiki isiyo na logibuku ina usumbufu. Kwangu hiyo ni nafuu mara mbili: ada ni ndogo, na mke wangu akiiona karatasi hatashtuka. Pikipiki iko katika stoo ya mabati kando ya zizi. Ufunguo tunao mimi na shemeji yangu anayetusaidia shambani. Je, nitie sahihi?*

*Mpenda mbio, Kangema*

Usitie sahihi, mwanangu. Wakala wako anakuuzia karatasi itakayokaa vizuri kwenye droo hadi siku utakayoihitaji.

Bima ya nyumba inayouzwa hapa Kenya hugawanywa mafungu: jengo lenyewe, vyombo vilivyomo ndani, vitu vya thamani unavyotembea navyo, wafanyakazi wa nyumbani, na kadhalika. Soma fungu la vyombo mpaka mwisho, pale kwenye maandishi madogo ya mambo yasiyolipiwa. Kwa kawaida utakuta magari na vyombo vingine vya moto vimetajwa hapo, pamoja na vipuri vyake. Kuiita KTM "vifaa vya michezo" hakuiondolei injini. Ikiibwa, kampuni itaomba picha, itaomba stakabadhi, na mara moja itaona kitu ilichokuwa ikikikinga bila kujua. Fomu ile ina sahihi yako. Bima husimama juu ya kusema kweli yote unapoomba, hata jambo ambalo hukuulizwa lakini unajua lingembadilisha mawazo anayekubebea hatari. Ukificha, kampuni ina njia ya kuukana mkataba mzima, na hapo hata televisheni na makochi yako yatakuwa hayana bima.

Tuseme basi kwamba kampuni imekubali kuiandika kama pikipiki, lakini wewe umeng'ang'ania ile Sh120,000. Wezi wakiichukua yote, hutapata zaidi ya hizo, na mkopo wa chama utaendelea kukatwa. Wakija wezi wa vipuri ndio utajua hujui. Wameng'oa gurudumu la nyuma, ekzosi na kabureta, na fundi amekadiria hasara ya Sh80,000. Utadhani utalipwa zote kwa kuwa ziko chini ya kiwango chako. La. Mikataba ya namna hii ina kifungu cha wastani: kama umekatia bima robo ya thamani, unalipwa robo ya hasara. Robo ya 80,000 ni 20,000, na bado kuna kile kiasi cha kwanza ambacho mkataba unakutaka ubebe mwenyewe. Huenda ukarudi nyumbani na nauli.

Sasa kuhusu hilo la mke wako, kwa sababu naona umeliweka kama jambo la pembeni. Dai la wizi likishapokelewa, kampuni humtuma mkadiriaji wa hasara. Atakuja Kangema, ataonyeshwa stoo, kisha atakaribishwa sebuleni. Mke wako ataleta chai. Mkadiriaji atafungua faili na kuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Uliinunua pesa ngapi?" Utajibu nini? Ukisema laki moja na ishirini unamdanganya yeye. Ukisema laki nne na themanini, kikombe kitaanguka. Na kwa taarifa yako, huyo mama anakosa usingizi kwa ajili ya mashine anayoamini ni ya laki na kidogo. Fikiria angekuwa anaijua bei!

Mwambie kabla ya wakala kurudi. Mwambie wewe mwenyewe, na umwonyeshe karatasi ya mkopo, si bei tu, kwa maana deni la chama ni deni la nyumba. Atakasirika, na ana haki. Usimjibu kwamba ni pesa zako. Bonasi ya chai hutoka kwenye majani, na sidhani kama kikapu umekuwa ukikibeba peke yako.

Turudi kwenye bima. Kuna dhana iliyoenea kwamba pikipiki ikiwa na stika ya bima, basi imekingwa. Bima inayolazimishwa na Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, ni ya madhara unayomfanyia mtu mwingine barabarani. Bodaboda yenye bima hiyo peke yake ikiibwa, mwenyewe halipwi hata senti. Nahofia majirani zako ndipo walipo. Wa kulipwa kwa wizi ni aliyekata bima inayotaja wizi waziwazi, au ile pana ya kila kitu. Na cheti cha bima ya pikipiki hufungwa kwenye nambari ya usajili, ambayo yako haina, kwa hiyo mlango huo kwako ni mgumu. Hapo wakala wako amesema kweli, ila amechagua dirisha badala ya kutafuta mlango mwingine.

Huko Uingereza kuna kampuni zinazouza bima ya wizi kwa pikipiki za uwanjani zisizo na usajili, na mara nyingi hutaka ifungwe kwa mnyororo na nanga ya sakafuni zilizopimwa na taasisi kama Sold Secure. Hapa kwetu usitarajie kuikuta kwenye brosha. Itabidi iombwe kwa maandishi. Mtafute broka, yaani yule anayezungumza na kampuni nyingi kwa niaba yako, badala ya wakala wa kampuni moja. Aombe mojawapo ya mawili: bima ya uvunjaji kwa mali iliyotajwa katika stoo iliyotajwa, au ile bima ya hatari zote kwa kitu kimoja kilichoorodheshwa kwa jina na nambari. Barua iseme: pikipiki ya mashindano, haijasajiliwa, haiendeshwi barabarani, iko Kangema, thamani ni hii. Waulize Shirikisho la Michezo ya Magari Kenya, KMSF, na waendeshaji wenzako pale Jamhuri kama kuna aliyewahi kuandikiwa, na kampuni gani ilikubali. Mbio zenyewe usizitarajie. Mashindano na majaribio ya kasi huondolewa karibu katika kila mkataba. Wewe unatafuta kinga ya wizi nyumbani. Uliza pia kuhusu njiani, kwa sababu mkataba uliofungwa kwenye anwani ya Kangema haujui lolote kuhusu pikapu iliyolala Nairobi usiku wa kuamkia mbio.

Mkusanyie broka karatasi. Huna logibuku, kwa hiyo umiliki wako utathibitishwa na vingine: hati ya mauziano, nakala ya karatasi za forodha za wakati huyo jamaa wa Nairobi alipoiingiza nchini (mpigie leo kabla hajabadilisha simu), ujumbe wa M-Pesa au wa benki, na nambari ya chasi na ya injini. Ya chasi iko kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapoingia. Futa tope uipige picha kwa karibu mpaka isomeke.

Halafu hiyo stoo. Hapa ndipo nisingeweka hata jembe. Bima ya uvunjaji hulipa pale mwizi alipoingia au kutoka kwa nguvu, na kuna alama: kufuli limekatwa, mabati yamepinduliwa, bawaba zimeng'olewa. Mlango uliofunguliwa kwa ufunguo hauna alama. Na wizi uliofanywa na mtu wa nyumba hiyo au mfanyakazi wake, au kwa msaada wake, kwa kawaida haulipwi. Simtuhumu shemeji yako. Nasema siku pikipiki itakapotoweka na mlango ukiwa mzima, mtu wa kwanza kuulizwa atakuwa yeye, wewe hutalipwa, na mke wako atakuwa katikati ya mumewe na kaka yake. Mwondolee mzigo huo: ufunguo uwe na wewe na mke wako. Mwite fundi wa jua kali achomee mlango wa chuma, mmwage saruji sakafuni na mzike humo pingu ya chuma nene, mnyororo upite kwenye fremu wala si kwenye gurudumu. Na zile video za kuiosha mbele ya lango, kama unazo mtandaoni, zifute.

Ukipata kampuni iliyokubali, hakikisha leseni ya broka au wakala wako ni ya mwaka huu. Hutolewa na IRA, mamlaka inayodhibiti bima, na huhuishwa kila mwaka. Lipa kwa kampuni, usilipe kwenye simu ya mtu. Sheria ya Bima, Sura ya 487, hairuhusu hatari kubebwa kabla ya ada kulipwa, kwa hiyo ahadi ya wakala ya "nitakulipia halafu utanirudishia" haikukingi kabla pesa hazijafika kwa kampuni. Juu ya ada kuna tozo za serikali: asilimia 0.2 ya mafunzo, asilimia 0.25 ya mfuko wa kufidia wenye bima, na Sh40 za stempu. Kwa ada ya Sh20,000 hizo ni Sh130. Ukidaiwa elfu mbili "za fomu", uliza ni za nani.

Ikiibwa, piga ripoti polisi siku hiyohiyo, upate nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na baadaye abstrakti, yaani muhtasari wa ripoti hiyo, uijulishe kampuni kwa maandishi. Wakikuzungusha, IRA hupokea malalamiko ya wenye bima.

Inawezekana kila kampuni ikakataa, au ikataja ada isiyolipika. Basi usilazimishe. Mlango wa chuma, na kiasi fulani kila mwezi kwenye akaunti ya chama ambayo nyote wawili mnaiona, ni kinga ya kutosha kwa mashine inayokimbia mara chache kwa mwaka.

Hilo la kuiuza nawaachia ninyi wawili, mkishaijua bei. Mkiamua kuiuza, mauziano yaandikwe, nambari ya chasi itajwe, na mke wako atie sahihi kama shahidi, chini kidogo ya mahali palipoandikwa kiasi.