Kwa Nini Gesi ya Galaksi Haijageuka Yote Kuwa Nyota

Nyota huzaliwa katika mawingu ya gesi baridi, hasa haidrojeni, yanapoporomoka kwa uvutano wake yenyewe. Hilo hufundishwa mara nyingi. Swali linalofuata huulizwa mara chache: kwa nini kazi hiyo haijakwisha?

Na tupige hesabu. Galaksi yetu, Njia Nyeupe, ina gesi ya namna hiyo yenye tungamo la Jua mara 1,000,000,000 hivi. Wingu lenye molekuli 100 katika kila sentimeta ya ujazo, likiachiwa uvutano peke yake, lingeporomoka kwa miaka 3,000,000 hivi. Gawanya: kila mwaka zingezaliwa nyota zenye jumla ya tungamo la Jua mara 300 na zaidi. Vipimo vyaonyesha mara 2 tu hivi. Hesabu haikukosewa, kuna breki.

Mvurugiko wa gesi ndani ya wingu, pamoja na usumaku upitao humo, huchelewesha mporomoko. Lakini breki inayostahili kuangaliwa zaidi hutoka kwa nyota zenyewe. Kati ya Desemba na Machi, usiku usio na mbalamwezi, mwalimu na awaonyeshe wanafunzi nyota tatu za mkanda wa Orioni. Kusini kidogo ya mkanda huo mna doa la ukungu: ni nebula iliyo umbali wa miaka ya nuru 1,300 hivi. Nyota kubwa iliyomo, Theta-1 Orionis C, hutoa mionzi ya urujuanimno iipashayo gesi jirani joto la nyuzi 10,000 hivi. Gesi ya moto hutanuka (zikumbukwe kanuni za gesi), nayo ikitanuka haiporomoki tena. Nyota kubwa namna hiyo huishi miaka milioni chache tu, kisha hulipuka, na mlipuko hutawanya masalio ya wingu kabla hayajatumika.

Kilimia, wanachokijua wakulima wetu, kimekwisha kupita hatua hiyo. Nyota zake zina umri wa miaka milioni 100 hivi. Vumbi lionekanalo katika picha zake si la wingu lililozizaa, bali la wingu jingine zinalolipita njiani.

Katika galaksi ya M82, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 12 hivi, nyota huzaliwa kwa kasi hata gesi ya moto yaonekana ikibubujika juu na chini ya sahani yake. Katika galaksi kubwa mno, milipuko ya nyota haitoshi. Ndani ya NGC 1275, katika kundi la galaksi la Perseus, breki ni shimo jeusi la katikati: mikondo yake imepuliza mapovu makubwa katika gesi ya moto iliyoizunguka, na darubini ya eksirei ya Chandra imeyapiga picha. Gesi hiyo, ambayo ingepoa na kuzaa nyota, kwa sehemu kubwa hubaki moto.